Oili ya Mashine ya Boti, na Madhara ya Kukaa Bure

Katika mazungumzo yetu ya jioni hii nimekusudia kusema na jamaa wenye vyombo vya starehe, yaani zile boti za mashine ambazo kazi yake ni kumchukua mwenyewe na wageni wake kwenda kuvua kwa mshipi, au kuogelea penye matumbawe, au kuzuru kisiwa siku ya Jumapili na kurejea kabla ya magharibi. Na jambo ninalotaka tulitie katika mizani ni dogo kwa sura ila ni kubwa kwa athari, nalo ni kubadilisha oili ya mashine. Yamkini msikilizaji atasema kwamba hayo ni ya mafundi, na kwamba mwenye boti kazi yake ni kulipa. Namwomba anipe sikio hata hivyo, kwa kuwa fundi hubadilisha oili siku aliyoitwa, na anayemwita, kwa wakati au nje ya wakati, ni mwenye boti.

Dai langu ni hili: mashine ya boti ya starehe huchakazwa na mapumziko yake kuliko inavyochakazwa na kazi yake, na mtu anayehesabu saa za kutembea peke yake, akaghafilika na miezi ya kukaa, ataona mashine inamfia mikononi ilhali mita ya saa inamwambia kwamba ingali changa.

Tuanze na asili ya mambo. Ndani ya mashine yoyote inayochoma petroli au dizeli, chuma hupita juu ya chuma maelfu ya mara kila dakika, na kinachovizuia vyuma hivyo visisagane ni utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu kila pembe. Oili hiyo hiyo huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya kupozea hayafiki, kama vile upande wa chini wa pistoni. Hubeba masizi na chembe za chuma mpaka zinaswe na filta. Na fauka ya hayo, watengenezaji wameitia dawa za kuua asidi na kuzuia kutu. Ni muhimu kufahamu kwamba utelezi wa oili haumaliziki upesi. Zinazokwisha ni zile dawa, na kinachozidi ni uchafu. Na dawa zikiisha, oili ambayo ukiigusa kwa vidole waiona bado ina utelezi huwa imekwisha kuacha ulinzi wake.

Hapa yapasa tubainishe aina za mashine, ili kila mtu ajue fungu lake. Mashine ya kupachika shetrini, ile ambayo Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, aliianzishia biashara mjini Milwaukee mwaka 1909, kwa miaka mingi ilikuwa ya mipigo miwili, na wavuvi wetu wengi wanayo mpaka leo. Hiyo huchanganyiwa oili ndani ya petroli, ikaichoma pamoja nayo na kuitoa kwa moshi, basi haina oili ya kumwaga ila ile ya giaboksi iliyo chini karibu na rafadha. Mashine za kupachika za mipigo minne, pamoja na zile za petroli au dizeli zilizojengewa ndani ya chombo, zina oili yake mbali, ikizunguka ndani ya mashine na kurejea penye sampu, yaani bakuli lake la chini, siku zote. Na wenye mashine hizi ndio ninaowakusudia.

Wengi hudhani kwamba mashine ya namna hii ni sawasawa na ya motokaa, isipokuwa imetiwa majini. Lakini motokaa hupata mteremko ikapumua, na boti haina mteremko, kwa kuwa maji huisukuma nyuma tangu inapong'oa nanga mpaka inapotia nanga tena. Aidha, maji yanayopoza mashine ya motokaa hufikia kwa kawaida joto la nyuzi 80 hadi 90, ilhali mashine ya kupachika, inayonyonya maji ya bahari yenyewe, aghalabu huwekewa kiasi cha nyuzi 50 hadi 60 hivi, kwa sababu maji ya chumvi yakipata moto kupita kiasi huacha ukoko ndani ya mifereji na kuiziba. Ubaridi huo, unaoisalimisha mifereji ya maji, ndio unaoitaabisha oili.

Sababu yake ni hii. Kila lita 1 ya petroli inayoungua huzaa karibu lita 1 ya maji, kwa kuwa haidrojeni iliyomo ndani yake hushikamana na oksijeni ya hewa. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwa njia ya moshi hali ya kuwa mvuke; lakini sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni ikashuka penye oili, na pamoja nayo hushuka petroli isiyoungua. Mashine ikipata moto wa kutosha kwa muda mrefu, maji na petroli hiyo huvukizwa na kutoka. Isipopata moto, hubaki. Sasa mtazame mvuvi wa starehe katika mkondo wa Pemba au nje ya Watamu, ambaye huburuta chambo taratibu asubuhi kutwa akimtafuta sulisuli au nduaro, mashine ikinguruma kwa sauti ya chini bila ya kupata moto barabara: huyo hutia maji na petroli ndani ya oili yake saa baada ya saa, na siku moja akichomoa kijiti cha kupimia ataona kiasi cha oili kimepanda badala ya kushuka, akafurahi kwamba mashine yake hainywi oili, na furaha hiyo haina msingi.

Kwa upande wa dizeli, mafuta hayo huwa na salfa, kidogo au nyingi kwa kadiri yalivyosafishwa, na salfa ikiungua kisha ikakutana na maji huzaa asidi. Dawa zilizomo ndani ya oili huiua asidi hiyo maadamu dawa zenyewe zingalipo. Zikiisha, asidi huanza kula beringi na shafti.

Hapo ndipo dai langu linaposimama. Mashine inayotembea kila siku hupata moto, ikatoa maji yake, ikajipaka oili upya kila inapowashwa. Mashine iliyolala hukosa yote hayo. Oili huteremka kidogo kidogo kutoka kwenye kuta za silinda mpaka chuma kikabaki wazi. Hewa yenye chumvi na unyevu hutoka na kuingia mchana na usiku, kwa kuwa joto la jua huitoa na ubaridi wa alfajiri huivuta ndani. Na ile oili chafu, yenye maji, asidi na masizi, hukaa imeegemea vyuma vile vile ilivyowekewa kuvilinda. Miezi mitatu ya hali hiyo yaweza kuleta madhara kuliko safari nyingi za bahari kuu.

Wazee wetu, ambao hawakuwa na mashine, walilifahamu jambo hili kwa namna yao. Utunzaji wa jahazi ulifungwa na majira, haukufungwa na idadi ya safari. Masika yalipoingia na kusi likashika nguvu, vyombo vilipandishwa pwani kwa maji ya bamvua, vikasuguliwa, vikakalafatiwa, vikapakwa shahamu chini na sifa juu. Na nahodha hakuuliza kama mwaka ule alikwenda mara nyingi au mara chache, kwa kuwa mbao huliwa na bahari na jua, navyo viwili hivyo havina likizo. Mwenye boti wa leo naye anafuata pepo hizo hizo, apende asipende: kuanzia Aprili hivi boti nyingi za starehe za Malindi, Watamu na Shimoni huwekwa nchi kavu mpaka kusi lipungue. Tofauti ni kwamba nahodha alijua la kufanya chombo kinapopanda, ilhali wa leo wengi hukifunika turubai wakaenda zao, wakiacha kazi ya oili mpaka msimu utakapofunguliwa.

Najua hoja yao, nayo kwa dhahiri ina akili ndani yake: ya nini kutia oili mpya, ya bei ghali, ndani ya mashine itakayolala miezi mitatu? Afadhali ilale na ile chafu, kisha tuimwage siku ya kuanza safari, tupate faida yote ya mpya. Jawabu ni kwamba oili safi ikikaa miezi hiyo ndani ya mashine haipotezi kitu cha kutajwa, na oili chafu ikikaa miezi hiyo hiyo hula. Anayeacha oili chafu ilale ameokoa bei ya oili na kuiweka rehani mashine nzima. Basi kanuni ni kuibadilisha siku ile ile chombo kinapopumzishwa, kisha kuiendesha mashine dakika chache ili oili safi ienee juu ya vyuma vyote ndipo ilazwe. Na ndiyo maana vitabu vya mashine nyingi za kupachika, baada ya kuagiza oili ya kwanza ibadilishwe mashine mpya inapofikisha saa 20, husema kwamba baada ya hapo ibadilishwe kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Watu huisoma saa 100 wakaruka maneno yanayofuata. Boti ya starehe, ambayo pengine haifikishi hata saa 50 kwa mwaka, haitaifikia ile saa 100 kabla ya kalenda. Kwa hiyo kwa mwenye chombo kama hicho, kalenda ndiyo sheria.

Ama oili yenyewe, mtu asidanganywe na rahisi ya dukani. Kwa mashine za petroli za mipigo minne zinazopozwa kwa maji, chama cha watengenezaji wa vyombo vya bahari cha Marekani kimeweka alama ya FC-W, na oili haipewi alama hiyo mpaka ijaribiwe, pamoja na mengine, kama inaweza kuzuia kutu. Oili ya motokaa haikulazimishwa kupita mtihani huo. Nyingi zimetengenezwa ili motokaa itumie petroli kidogo, na hilo si haja ya mtu aliye maili kumi kutoka pwani. Uzito wake, kama 10W-30 au 10W-40 au 25W-40, hutazamwa katika kitabu cha mashine, kwa kuwa kila mtengenezaji anajua nafasi alizoziacha baina ya vyuma vyake. Mwenye dizeli naye atafute oili iliyoandikiwa dizeli, wala asichukue ya petroli kwa sababu ndiyo iliyopo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza mashine ipashwe moto, kwa kuwa oili baridi ni nzito na uchafu wake hutuama chini, na oili yenye moto hutiririka upesi ikibeba uchafu pamoja nayo. Lakini chombo kikiwa nchi kavu, mtu asithubutu kuiwasha bila ya kuipa maji kwa mpira wa bomba, kwa kuwa pampu ya maji ina mapezi ya raba ambayo maji ndiyo utelezi wake, nayo ikizunguka kavu huungua kwa muda mfupi sana. Mashine ikishapata moto izimwe, iachwe dakika chache oili ishuke, na mfuniko wa kutilia ufunguliwe ili hewa ipite.

Mashine ya kupachika isimamishwe wima, chombo cha kukingia kiwekwe, na nati ya kumwagia ifunguliwe kwa spana yake. Mashine ya ndani ya chombo ina taabu nyingine, nayo ni kwamba nati ya sampu hukaa chini kabisa karibu na mkuku, mahali ambapo mkono haufiki na bakuli halipiti. Na lau ingefunguliwa, oili yote ingemwagika ndani ya banduru. Kwa hiyo oili hunyonywa kwa juu, kwa pampu yenye mrija mwembamba unaoshushwa ndani ya tundu la kijiti cha kupimia mpaka uguse chini. Hapo ndipo subira inapotakiwa, kwa maana oili ikianza kukatika fundi mwenye haraka husema imekwisha, kumbe mrija umepinda na robo ya uchafu imebaki. Basi mrija uchezwechezwe, uvutwe kidogo, urudishwe, mpaka pampu ivute hewa tupu.

Kisha hufuata filta. Nyingine zimelala ubavu, na nyingine zimening'inia mahali ambapo oili itamwagikia waya na mikanda, kwa hiyo ivishwe mfuko wa plastiki kabla ya kulegezwa, ili itoke na oili yake ndani ya mfuko. Mtu ahakikishe kwamba ile pete ya raba ya filta ya zamani imetoka pamoja nayo, kwa sababu ikibaki imegandamana na chuma, kisha filta mpya ikafungwa juu yake, pete mbili hazitashika, na oili yote itarushwa nje mara mashine itakapowashwa. Pete mpya ipakwe oili kidogo, filta ifungwe kwa mkono mpaka iguse, kisha izungushwe tena kwa kadiri iliyoandikwa juu yake, ambayo aghalabu ni robo tatu ya mzunguko. Nati ya kumwagia nayo ipewe washa mpya, ambayo bei yake ni ndogo mno kulinganisha na hasara ya kuikosa.

Oili mpya itiwe kwa vituo, huku ikipimwa na chombo kikiwa kimekaa sawa bila kuinama. Na kipimo kizuri ni baina ya alama mbili za kijiti, karibu na ile ya juu wala si kuipita. Oili ikizidi, kranki huipiga ikawa povu, na povu halishiki chuma. Tena hutafuta pa kutokea, ikasukuma sili au ikavutwa na hewa kwenda kuungua. Kiasi hutofautiana sana: kuna mashine ndogo za nguvu za farasi 6 ambazo hazinywi hata lita 1, na kuna za ndani zinazonywa madebe. Baada ya hapo mashine iwashwe, taa au mshale wa nguvu ya oili utazamwe, chini ya filta papapaswe, kisha izimwe na ipimwe mara ya pili, kwa kuwa filta mpya imekwisha chukua fungu lake.

Lakini kabla ya kuipeleka mbali oili iliyotoka, mwenye boti aitazame kwa makini. Weusi peke yake usimtishe, hasa katika dizeli, kwa maana kuyabeba masizi ni kazi ya oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, basi imeingiwa na maji. Na maji hayo yaweza kuwa ya mvuke wa mashine isiyopata moto, au yametoka kwenye gasketi ya silinda iliyokatika, au kwenye kipoza oili kilichotoboka, au yamerudi kwa njia ya ekzosi, na mojawapo ya hayo matatu ya mwisho humfanya mtu aahirishe safari mpaka fundi atoe hukumu yake. Ikinuka petroli na kuwa nyepesi, ni ile habari ya kuburuta chambo niliyoieleza, na dawa yake ni kubadilisha oili mapema na kuipa mashine mwendo wa kutosha wakati wa kurudi nyumbani. Vikionekana vipande vinavyong'aa vinavyokwaruza baina ya vidole, chuma fulani ndani kinalika. Fundi akija kazini mwenye boti hayupo, akaimwaga oili na kuondoka nayo, ushahidi wote huu hupotea.

Limebaki suala la mahali pa kuipeleka oili hiyo, na kwanza tukumbuke kwamba mafuta kidogo tu hutanda mbali juu ya maji. Benjamin Franklin, mwanachuoni wa Marekani, alieleza mwaka 1774 jinsi alivyomimina mafuta kiasi cha kijiko cha chai juu ya bwawa la Clapham karibu na London, akayaona yakitanda mpaka yakatuliza mawimbi madogo juu ya eneo la kama nusu ekari. Yale yalikuwa mafuta safi, na bwawa lilikuwa la kujaribia. Oili ya mashine iliyotumika ina metali na sumu za moto, na bahari yetu inayo matumbawe. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, na wageni wanaopanda boti hizi hulipa ili kuyaona matumbawe hayo. Kenya ina sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na Tanzania ina yake ya mwaka 2004. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mwenye chombo cha starehe ndiye mtu wa mwisho kuwa na udhuru, kwa kuwa hakulazimishwa na njaa kwenda baharini.

Oili chafu basi itiwe ndani ya dumu lenye mfuniko, peke yake, bila kuchanganywa na petroli wala rangi wala maji ya banduru, kwa kuwa ikichanganywa wanaoikusanya kwa kuisafisha au kuichoma viwandani huikataa. Na ipelekwe kwao au kwenye gereji inayowauzia. Filta igeuzwe ichuruze usiku kucha ndani ya dumu hilo hilo. Ile desturi ya kuipaka kwenye nguzo ili kufukuza mchwa haifai karibu na visima wala mahali watoto wachezapo, na anayeishika kila mara bila glavu anaihatarisha ngozi yake, hata kwa saratani. Banduru nayo ifutwe kwa matambara kabla pampu ya kutolea maji haijawashwa, ama sivyo kazi yote ya tahadhari itatoka baharini kwa bomba moja.

Wasikilizaji wangu, la mwisho nitakalowausia ni daftari. Kila boti iwe na daftari lake, na ndani yake iandikwe tarehe oili ilipobadilishwa, mita ya saa ilivyosoma, aina ya oili iliyotiwa, na hali ya ile iliyotoka. Na tarehe itangulie kuandikwa kabla ya saa, ili kila anayelifungua aanze kuhesabu miezi. Daftari hilo litamsaidia fundi mgeni, litamwongezea mwenye boti bei siku ya kuuza, na litamwonyesha kwamba mwaka aliotembea kidogo hakusamehewa kitu. Na kama masika yanakaribia nawe wafikiri kukifunika chombo chako wiki ijayo, mwite fundi wiki hii.